Napster walifunga, Grokster wakafunga, torenti mbona haifungiki? Sheria ya hakimiliki inapigana na nani?

#1 Mpakuaji Mstaafu
Wakuu, salaam.

Nina ubishi na mdogo wangu anayesoma sheria mwaka wa tatu. Yeye anasema programu za kushea mafaili zinahesabu siku, maana kila nchi inakaza sheria ya hakimiliki. Mimi namwambia sheria haijawahi kuiua hii teknolojia, inaifundisha kujificha tu.

Tazameni mfululizo wenyewe. Napster ilizaliwa Juni 1999, kampuni za muziki zikaishtaki Desemba mwaka huohuo, Julai 2001 seva zikazimwa. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: orodha ya nyimbo zote ilikaa kwenye seva za kampuni. Zima seva, mchezo umekwisha. Wakaja akina Kazaa, Morpheus na Grokster, hawa hawakuweka orodha sehemu moja. Mahakama ya Juu ya Marekani ikawafunga Grokster na Morpheus 2005. Wakati wanafungwa, Bram Cohen alishatoa BitTorrent tangu 2001, ndiyo hiyo torenti, watumiaji wanagawiana wenyewe vipande vya faili, na mpaka leo ipo. Hakuna seva ya kuzima wala kampuni ya kuburuza kortini.

Dai langu ni kwamba kila hukumu imezaa programu ngumu kukamatika kuliko ile iliyouawa. Anayepinga aje na hoja.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Kahawa na kashata zipo.

#3 Wakili Asiye na Kesi
Mleta mada, umeruka hatua. Grokster haikufungwa na Mahakama ya Juu. Hukumu ilitoka Juni 2005 na kesi ikarudishwa chini iendelee. Kampuni yenyewe ndiyo ikasalimu amri Novemba, kwa makubaliano ya dola milioni 50.

Na kabla ya hapo Grokster alishinda mara mbili, 2003 na kwenye rufaa 2004. Alishinda kwa kuegemea kesi ya Betamax ya 1984, ile ya Sony na kinasa video chake. Majaji watano dhidi ya wanne walisema chombo chenye matumizi halali ya maana hakimtii hatiani mtengenezaji eti kwa sababu wapo wanaokitumia vibaya. Muuza panga hafungwi kwa mauaji asiyoyajua.

2005 Mahakama ya Juu haikuifuta Betamax. Ilipitia mlango mwingine: ukikisambaza chombo huku unawahimiza watu wakitumie kuvunja hakimiliki, wanachofanya kinakurudia. Ushahidi ulikuwa wa aibu. Matangazo yao yaliwalenga waliokuwa watumiaji wa Napster, hawakuhangaika kuweka kichujio, na pesa ya matangazo ilipanda kadiri watu walivyopakua. Kilichoadhibiwa ni nia ya biashara. Programu yenyewe haikuguswa.

Mdogo wako asome hadi maoni ya ziada. Majaji wote tisa walikubaliana kwenye matokeo, ila kuhusu Betamax waligawanyika: Ginsburg na wenzake wawili huku, Breyer na wenzake wawili kule. Watatu waliobaki walikaa kimya. Swali hilo liliachwa wazi.

#4 Mpakuaji Mstaafu
Mkuu @Wakili, kufungwa na hukumu na kusalimu amri kwa kuogopa hukumu, kwa marehemu tofauti ni ipi? 😂

#5 Wakili Asiye na Kesi
Tofauti ni kwamba anayekuja nyuma anajua asiandike nini kwenye tangazo lake. Cohen aliielewa mapema hiyo, ndiyo maana aliipeleka programu yake kwa watu wanaosambaza mafaili makubwa halali.

#6 Dada wa Seva
Habari zenu. Mimi kazi yangu ni mitandao, sheria nawaachia wenyewe.

"Hakuna seva ya kuzima" si kweli kwa miaka ya mwanzo. Torenti za zamani zilihitaji traka, yaani seva inayojua nani yumo kwenye torenti ipi. Ndiyo maana tarehe 31 Mei 2006 polisi wa Sweden waliweza kuvamia na kubeba seva za tovuti ya torenti, Pirate Bay. Tovuti ilirudi baada ya siku chache tu, lakini somo lilieleweka. Njia ya kutafutana bila traka ilikuwa imeanza kuingia kwenye programu za torenti tangu 2005. Novemba 2009 Pirate Bay wakaizima traka yao wenyewe, na mwaka 2012 wakaacha hata kutunza mafaili ya torenti, wakabaki na viungo vya magneti.

Kiungo cha magneti mkikifungua ndani mtakuta alama ya herufi na tarakimu 40, pengine na jina la faili na anwani za traka, basi. Programu yako inaichukua hiyo alama na kuuliza kompyuta chache inazozijua. Hizo zinakuelekeza kwa nyingine zilizo karibu zaidi na alama hiyo, nazo zinakusogeza tena, mpaka unampata mwenye faili. Kila kipande kikifika kinahakikiwa, kikiwa kibovu kinatupwa na kuombwa upya kwa mtu mwingine. Orodha ya Pirate Bay nzima kwa viungo hivyo ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea kwenye flashi ya kawaida. Sasa hapo polisi anabeba nini?

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada nusu. Nusu nyingine ni kwamba torenti imedhoofika sana, na aliyeidhoofisha si jaji, ni simu. Mitandao ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Simu yako inaweza kuita nje, ila wa nje hawezi kukuita wewe. Torenti inategemea watu wanaofikika. Watu wote wakihamia kwenye simu, wote wanabaki wanaomba na wachache sana ndio wanaoweza kutoa.

#7 Bando la Usiku
Umesahau sababu kubwa dada. Nani atasidi, yaani aendelee kuwagawia wengine alichopakua, kwa bando la MB? Mimi nikimaliza kupakua nachomoa hapohapo, hata asante siachi 🤣

#8 Dada wa Seva
Ndiyo maana torenti zenu za muvi za Kibongo huwa na sida mmoja, naye yuko London.

#9 Kibanda cha Memori
Wakuu, mnaongelea Marekani na Sweden, huku kwetu kushea mafaili hakukuhitaji intaneti.

Nilikuwa na kibanda Mwanjelwa, Mbeya. Kompyuta moja ya mezani, kisoma kadi cha USB, na spika nje ya kuita wateja. Folda zangu zilikuwa ZILIPENDWA, INJILI, BONGO KALI, KIKONGO na TAARABU. Mteja anakuja na kadi ya GB 2 imejaa picha za harusi ya shemeji yake, anakwambia "hizo usifute, nyingine weka unazojua wewe". Bei niliipanga kwa ukubwa wa kadi, sikuuza wimbo mmojammoja. Kinamama wa sokoni walitaka Injili na Zilipendwa, makondakta walitaka chochote chenye besi. Mzigo mpya ulikuja na kijana aliyesafiri na basi kutoka Dar akiwa na hadi diski kwenye begi la nguo. Akishuka, vibanda vyote vya pale vinapanga foleni kwake.

Adui yetu mkubwa alikuwa kirusi cha shotikati. Kadi moja yenye kirusi ikiingia, folda zote zinageuka vishotikati, mteja anakwambia umemfutia nyimbo. Nimeshawahi kushikwa shati kwa hilo.

Afisa wa hakimiliki sikuwahi kumwona. Biashara iliniishia siku watu walipojua kurushiana wenyewe kwa Xender bila bando. Sasa hiyo programu ya kurusha kutoka simu hadi simu, hata mtoa huduma wa intaneti haoni kitu. Sheria gani itaifikia?

#10 Siti ya Mbele
Kumbe wewe ndiye uliyemwekea mjomba kadi yenye "Mix Mpya Kali Part 2" humo ndani wimbo mmoja umerudiwa mara kumi na moja?

#11 Kibanda cha Memori
Hahaha, hiyo ni ya kibanda cha jirani. Mimi nilikuwa na viwango.

#12 Karani Mstaarabu
Tusiseme kama vile nchini hakuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni Namba 7 ya 1999, mwaka uleule wa Napster, ila iliandikwa kwa kuwazia kaseti. COSOTA ilianza kama chama, sasa ni Ofisi ya Hakimiliki. 2013 ukaja utaratibu wa stempu za TRA kwenye sidii na dividii za muziki na filamu. Stempu ilifaa kwa kitu chenye ganda la kubandikwa, kwenye faili unaibandika wapi? Halafu Sheria ya Fedha ya 2022 ikaleta tozo ya asilimia 1.5 kwa vifaa vya kunasia na kuhifadhia kazi.

Kwa hiyo serikali imeshakubali kimyakimya kwamba kunakili hakuzuiliki. Badala ya kumkimbiza kijana wa Mwanjelwa, inachukua kidogo kwenye kifaa na kuwapelekea wasanii. Nadhani hapo ndipo kesho ilipo. Ujerumani wanatoza hivyo tangu 1965.

#13 Bando la Usiku
Subiri kwanza. Ina maana flashi niliyonunua nimeshailipia nyimbo? Basi nikinakili ni halali?

#14 Karani Mstaarabu
Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinaruhusu matumizi binafsi. Tozo ni fidia ya hayo.

#15 Wakili Asiye na Kesi
Polepole. Matumizi binafsi ni wewe na nakala yako nyumbani. Kibanda kinachojaza kadi kwa malipo si matumizi binafsi, na torenti inakufanya msambazaji hapohapo unapopakua, maana vipande ulivyopata unavigawa kwa wengine. Tozo si kibali.

#16 Karani Mstaarabu
Kama si kibali, ni kodi ya dhambi inayotozwa hata asiye na dhambi. Mimi flashi yangu ina hotuba za harusi na faili za ofisini tu.

#17 Yakhe wa Darajani
Nyote mnasema "sheria ya nchi" mkasahau kuwa hiyo ya 1999 ni ya Bara. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar tuna sheria yetu ya 2003, na chombo chetu ni COSOZA. Wimbo wa taarabu ukinakiliwa Kariakoo na ukinakiliwa Darajani ni mambo ya ofisi mbili tofauti. Na boti ya asubuhi inaleta flashi bila kuuliza sheria ya upande gani.

#18 Karani Mstaarabu
@Yakhe nilikuwa nazungumzia Bara, ndiyo maana nimetaja TRA na COSOTA.

#19 Yakhe wa Darajani
TRA ipo na huku pia, bwana weye. 😄

#20 Msee wa Mombasa
Hapa Kenya tumeenda njia nyingine. Marekebisho ya 2019 yaliingiza kifungu cha 35B kwenye Sheria ya Hakimiliki: mwenye kazi akimwandikia mtoa huduma ya intaneti notisi iliyokamilika, mtoa huduma ana saa 48 za kazi kuziba au kuondoa. MultiChoice, wenye DStv, waliwapeleka Safaricom na Jamii Telecommunications kortini kuhusu tovuti zinazorusha mechi bila kibali. Angalieni walioshtakiwa ni nani. Msee aliyeweka mechi hayuko hapo, wala mimi niliyeitazama. Aliyeshtakiwa ni mwenye waya.

Ndiyo mchezo mpya huu. Marekani pia, kampuni ya Cox ya intaneti ilipigwa na baraza la wazee wa mahakama huko Virginia dola bilioni moja Desemba 2019, kwa sababu wateja wake walikuwa wakipakua nyimbo naye hakuwakatia. Mahakama ya rufaa ikaifuta hiyo fidia Februari 2024, na mvutano ukapanda hadi Mahakama ya Juu. Kwa hivyo @Mpakuaji, mko sawa kwamba torenti haina mwenyewe. Lakini kila torenti inapita kwa waya wa mtu, na huyo mtu ana anwani, ana leseni na ana pesa kwa benki.

#21 Mpakuaji Mstaafu
Na wateja watatumia VPN, mwenye waya hatajua kinachopita. Rudi palepale.

#22 Msee wa Mombasa
Na si ni nyinyi TCRA yenu iliwaambia Oktoba 2023 mjiandikishe kama mnatumia VPN? 😅

#23 Mpakuaji Mstaafu
Hiyo tuiache ilivyo.

#24 Baridi Kali
Niko Ujerumani, wacha niwape yaliyonikuta, maana kuna mtu kasema sheria haimfikii mpakuaji.

Nilikuwa naishi nyumba ya kushea na wanafunzi wenzangu, mkataba wa intaneti kwa jina langu. Akaja mgeni kukaa wikiendi, laptopu yake ina programu ya torenti inayojiwasha yenyewe. Baada ya miezi kadhaa napokea bahasha nene kutoka kwa mawakili. Ndani imeandikwa jina la filamu, tarehe, saa hadi sekunde, anwani yetu ya IP, na fomu ya kutia sahihi kwamba sitarudia. Chini kabisa kiasi, zaidi ya euro 900. Nilidhani ni matapeli. Mjerumani mwenzangu wa chumba cha pili akaniambia kwa upole, hapana, hii ni kweli, na fomu yao usitie sahihi kabla hujaonana na mshauri wa wanafunzi.

Tulipunguziwa, tukalipa kwa mafungu. Namna wanavyokunasa ni rahisi mno: wanaingia kwenye torenti ileile, wanakuomba kipande, ukiwapa wameshaandika IP yako. Hawahitaji kudukua kitu. Ule uwazi anaousifu @Dada wa Seva, kila mmoja kumwona mwenzake, ndio unaowapa ushahidi.

Kwa hiyo mimi sababu yangu ni woga. Watu huku hawakuacha torenti kwa kuwa simu zimekuja. Waliacha kwa kuwa kila mmoja anamjua mtu aliyepokea bahasha.

#25 Dada wa Seva
Pole sana. Na ni kweli, torenti haikuundwa kuficha mtu. Iliundwa kupunguza mzigo wa seva.

#26 Mzee wa Kaseti
Woga haukufua dafu Marekani kwenyewe. Kampuni za muziki zilishtaki watu wa kawaida kama 35,000 kuanzia 2003, na Desemba 2008 zikatangaza kuacha. Yule mama wa Minnesota alipigwa dola milioni 1.92 kwa nyimbo 24. Dunia nzima ikasikia, na watu wakaendelea kupakua.

#27 Wakili Asiye na Kesi
Mzee wangu, shikamoo. Milioni 1.92 ilikuwa kesi iliposikilizwa mara ya pili, 2009. Mara ya kwanza, 2007, ilikuwa 222,000, mara ya tatu milioni 1.5, na mwisho wa yote mahakama ya rufaa mwaka 2012 ikairudisha 222,000. Ni dola 9,250 kwa wimbo. Sheria yao inaruhusu hadi 150,000 kwa kazi moja ukivunja kwa makusudi, kwa hiyo kisheria alipata nafuu!

#28 Mzee wa Kaseti
Marahaba. Nafuu hiyo mkampe mbunge. Hoja yangu ni kwamba watu waliacha baada ya kupata kitu chepesi zaidi. iTunes 2003, wimbo senti 99. Spotify 2008 Sweden, nchi ileile ya Pirate Bay, na vijana wale wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja Aprili 2009 wakati Wasweden wenzao wameshaanza kusikiliza bure kwa matangazo. Hukumu iliwakuta wateja wakiwa mlangoni wanaondoka.

#29 Dada wa Seva
Mzee umegusa jambo tamu. Spotify yenyewe ilikuwa programu ya kushea mafaili ndani kwa ndani! Mpaka 2014, wimbo uliousikiliza kwenye kompyuta mara nyingi ulitoka kwenye kompyuta za wasikilizaji wengine, si seva zao. Na aliyeandika µTorrent, Ludvig Strigeus, alikuwa mhandisi wao. Skype nayo ilitoka kwa waasisi wa Kazaa, 2003, kwa mtindo uleule. Ufundi haukufa, uliajiriwa.

#30 Bando la Usiku
Mzee, lakini Spotify huku imefika Februari 2021. Kati ya 2008 na 2021 tulikuwa tunasikiliza nini kama si kazi ya @Kibanda? Msitulinganishe.

#31 Mama Kwaya
Nimesoma kimya, sasa nimeona jina la folda INJILI nikasema leo naandika.

Mimi ni mwimbaji. Albamu yetu ya kwanza tulirekodi kwa michango, tukaandaa sidii, tukamkabidhi msambazaji. Kabla msambazaji hajatupa hata hesabu ya kwanza, nikapanda daladala nikasikia wimbo wetu. Nikafurahi. Nikamuuliza dereva ameupata wapi, akanionyesha flashi. Kwenye redio ya gari jina linapita "Track03 kwaya kali mpya". Jina la kwaya halipo, langu halipo. Aliyeipenda sauti yangu hawezi hata kunitafuta.

Watu wananiambia, mama, kadi zimekutangaza, umealikwa mikoani. Ni kweli nilialikwa. Nauli nilijilipia, na sadaka iliyochangwa ilikwenda kwenye ujenzi wa kanisa la mwenyeji.

Sasa wewe kijana wa Mwanjelwa, kwenye hiyo bei ya ukubwa wa kadi, mimi nilikuwa kilobaiti ngapi?

#32 Kibanda cha Memori
Shikamoo mama. Kusema kweli jina la faili tulikuwa tunaliacha lilivyokuja kutoka Dar. Hatukufuta makusudi.

#33 Mama Kwaya
Marahaba. Hamkufuta, na hamkuandika.

#34 Siti ya Mbele
Hapa kahawa imenipalia.

#35 Karani Mstaarabu
Mama, kama mmesajili kazi zenu, mna haki ya kufuatilia mgao.

#36 Mama Kwaya
Tumesajili. Nauliza, tozo ya flashi inajuaje ndani ya flashi nilikuwa mimi au alikuwa mtu wa singeli? Wanagawa kwa kuangalia redio inapiga nini au kwa kuangalia nini? Redio haipigi wimbo wetu, daladala inapiga.

#37 Karani Mstaarabu
Hilo ndilo gumu kila nchi yenye tozo. Ujerumani pia wanabishana.

#38 Msee wa Mombasa
Mama amesema kitu ambacho hizi kesi zote za Marekani haziongei. Metallica walishtaki Napster Aprili 2000, wana mawakili. Mwimbaji wa kwaya akitaka kutumia 35B yetu, nani atamwandikia notisi? Saa 48 ni za wenye ofisi.

#39 Mpakuaji Mstaafu
Naheshimu aliyosema mama. Lakini angalieni: kichujio kikiwekwa, kitamlinda nani? Napster waliambiwa waweke kichujio, wakadai wamefikia asilimia 99.4, jaji Patel akasema haitoshi, anataka asilimia 100. Hakuna programu ya asilimia 100. Ulaya nao 2019 wakapitisha agizo lenye kifungu cha 17, majukwaa makubwa yawajibike kwa wanachopandisha watu. Vichujio vya namna hiyo vina orodha ya nyimbo za makampuni makubwa. "Track03 kwaya kali mpya" haimo.

#40 Wakili Asiye na Kesi
Ufaransa walijaribu kukata intaneti ya mtu baada ya maonyo, sheria ya HADOPI ya 2009. Adhabu ya kukata ikaondolewa 2013. Kwa hiyo si kweli kwamba sheria inakaza tu kila mwaka, mwambie mdogo wako. Huwa inasonga mbele na kurudi nyuma. Hata mswada wa seneta Hatch wa 2004, uliotaka kumwajibisha yeyote "anayeshawishi" uvunjaji wa hakimiliki, ulifia bungeni. Mwaka mmoja baadaye mahakama ikaufufua kiini chake kwenye Grokster.

#41 Mpakuaji Mstaafu
Nitamwonyesha uzi huu, ila #40 nitairuka 😂

#42 Kalamu Njaa
Mimi ni mwandishi wa vitabu. Mnajua nani amepakua kwa torenti kuliko wote humu? Makampuni ya akili unde. Kwenye kesi ya waandishi dhidi ya Meta ilibainika walitumia torenti kuchukua vitabu kutoka maktaba za uharamia. Anthropic 2025 wamekubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban 3,000 kwa kitabu, baada ya jaji kusema kufunzia mashine kwa vitabu ni matumizi halali ila kujijengea maktaba ya nakala za wizi si halali. Yule mama wa Minnesota alipigwa kwa nyimbo ishirini na kitu. Hawa ni vitabu kama laki tano.

Kwa hiyo msiseme torenti ni ya watoto wenye bando. Imehamia kwa wenye pesa.

#43 Dada wa Seva
Na ndio watakaoilinda isifungwe. Twitter 2010 walikuwa wanasambaza programu kwenye seva zao kwa torenti. Huwezi kupiga marufuku kitu kinachoendesha ofisi yako.

#44 Wakili Asiye na Kesi
Hoja ya Betamax hiyohiyo, imevaa suti.

#45 Baridi Kali
Bilioni 1.5 kwa laki tano. Mimi filamu moja, ya mgeni, euro mia tisa. Nani amelipa zaidi kulingana na mfuko wake?

#46 Bando la Usiku
Wakuu nje ya mada kidogo, kuna mtu ana linki ya dabi ya Jumamosi? Isiyoganda.

#47 Msee wa Mombasa
Saa 48 zinaanza sasa 🤣

#48 Mama Kwaya
@Kibanda cha Memori, ile hadi diski bado unayo?

#49 Kibanda cha Memori
Ipo nyumbani mama, inalia kidogo ikiwashwa. INJILI ipo yote.

#50 Mama Kwaya
Nataka nakala. Masta zetu ziliungua kompyuta ya studio ilipopigwa na radi. Usibadilishe jina la faili, nitaandika mwenyewe.

#51 Wakili Asiye na Kesi
Hii sasa ni halali kabisa, mwenye kazi mwenyewe ameomba.

#52 Kibanda cha Memori
Naikagua kirusi kwanza. @Dada wa Seva, mafaili mengine yanagoma kunakilika, inafika katikati inasema hitilafu ya kusoma. Nifanyeje?

#53 Dada wa Seva
Usiendelee kulazimisha, utaimalizia. Usifungue folda mojamoja. Chukua diski nyingine yenye nafasi, piga nakala ya diski nzima kwa ddrescue ukiwa kwenye Linux, iache usiku kucha, itaruka pabovu na kuparudia mwisho. Linux huna? Pakua Ubuntu kwa torenti, hiyo ina masida kibao na hakuna wa kukuletea bahasha.